Alama Zilizoangukia Sebuleni

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika uwanja wa tenisi namba kumi na moja, ulio kati ya vyoo vya wafanyakazi na ghala la vyavu vilivyochakaa, mwanamke wa miaka thelathini na moja alipiga mpira ukaangukia juu ya mstari wa pembeni. Mpinzani wake, msichana anayetumia mkono wa kushoto ambaye wenzake walimwita Mashoto, aliinua kidole akasema, "Nje." Watazamaji walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amelala.

Katika mechi za mchujo, yaani zile wanazocheza wasiojulikana wakiwania nafasi ya kucheza na wanaojulikana, hakuna waamuzi wa mistari. Kila mchezaji huamua mwenyewe mipira iliyoangukia upande wake, na dhamiri yake ndiyo inayomsimamia. Kukitokea ubishi huitwa mwamuzi mmoja anayezunguka viwanja vyote na chupa yake ya maji. Uwanja ukiwa wa vumbi jekundu, mwamuzi haulizi nani kaona nini. Huinama akatafuta alama, kwa sababu mpira ukigusa vumbi huacha duara, na duara halina undugu na mtu.

Mwamuzi alikuja akainama. Mashoto naye akainama. Mwanamke alibaki upande wake ameegemea wavu, maana sheria haimruhusu kuvuka. Vumbi lilikuwa limelala sawasawa, vile vile lilivyoachwa na ufagio asubuhi.

"Hakuna kitu hapa, dada," alisema mwamuzi.

"Najua," alisema mwanamke.

Ikabaki nje. Mwamuzi aliandika kwenye fomu yake kwamba mpira wa mchezaji haukuacha alama, akatia saini, akaenda uwanja namba tisa alikokuwa anaitwa. Haukuwa mpira wa kwanza. Ulikuwa mwaka wa saba tangu mipira ya mwanamke huyu ikome kuacha alama kwenye mechi, ingawa ya mazoezini iliacha kama ya mtu mwingine yeyote, na fomu zilizoandikwa hivyo zilijaza faili zima katika ofisi fulani ya ghorofani.

Mtaani kwao aliitwa Mia Sita. Jina alipewa na kinyozi wa pale kona, siku gazeti lilipoandika kwamba amekuwa mchezaji wa mia sita na kumi na mbili kwa ubora duniani. Kinyozi alisema hiyo kumi na mbili ni chenji. Baadaye alipanda hadi mia tano themanini na saba, akashuka hadi mia sita na arobaini, akawa anapanda na kushuka humo humo, lakini jina la mtaani halipandi wala halishuki. Watu walilitamka kwa upendo. "Mia Sita karudi," walisema wakimwona anaburuta begi, na hawakumuuliza ameshinda au ameshindwa, maana aliyeshinda harudi Jumanne.

Dakika ile ile ya mpira ule, safari ya siku mbili kutoka uwanjani, mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule anaangalia sakafu. Alikuwa mshonaji, na watu wote, hata mdogo wake wa tumbo moja aliyeishi naye, walimwita Fundi. Duara dogo jekundu, kiasi cha kifungo cha koti, lilitokea juu ya sementi ya kijivu, nusu yake ikiwa imelalia mstari wa chaki. Fundi aliinama, akalizungushia chaki nyeupe, akajiinua kwa kushika ukuta.

"Ndani," alisema, ingawa hakukuwa na wa kumsikia.

Mambo yalianza hivi. Miaka saba nyuma, Jumatatu moja, Fundi alikuwa anampima mteja suruali alipoona doa jekundu sakafuni. Alilifuta. Likaja jingine, karibu na mguu wa meza. Kufikia saa tano madoa yalikuwa tisini na manne, na mteja, aliyekuwa amesimama na soksi, akauliza kama dari linavuja. Fundi akasema huenda. Jioni binti yake alipiga simu kumwambia kwamba amecheza asubuhi, ameshindwa, na kwamba kumetokea jambo dogo: mipira yake leo haikuacha alama. Fundi alimuuliza ilikuwa mingapi. Binti akasema atajuaje, labda mia. Fundi akamwambia ni tisini na minne, iko hapa.

Hawakulizungumza sana. Fundi aliuliza urefu na upana wa nusu ya uwanja, akaandika nyuma ya bahasha, akatoa utepe wake wa kupimia. Nusu ya uwanja ni hatua kumi na mbili kwa nane. Sebule yake ilikuwa hatua saba kwa tano. Aligawa kwa mbili, akachora mistari kwa chaki ile ile anayochorea mikono ya mashati, na kikabaki kinjia chembamba cha kuzunguka kando ya kuta. Mechi iliyofuata, kila alama ilikaa mahali pake. Mipira iliyotoka kidogo iliangukia chini ya dirisha. Iliyotoka sana ilienda koridoni, na mmoja, siku binti alipocheza na homa, ulikutwa bafuni.

Ikawa mazoea. Asubuhi ya mechi Fundi alikunja zulia, akatoa viti, akasimama mlangoni. Kila alama iliyogusa mstari aliizungushia chaki. Jioni walipitia moja moja kwa simu, kama watu wanaohakiki nguo zilizotoka kwa dobi. Ule wa pembeni, mwanzo wa seti ya pili? Uliitwa ndani. Fundi akaufuta kwa kitambaa kibichi. Ule wa kona? Uliitwa nje. Huo Fundi akauacha.

Ile aliyoiona kwa macho yake kuwa ndani, halafu ikaitwa nje, hakuifuta kamwe. Baada ya mwaka mmoja alama hizo zilikuwa thelathini na kitu. Baada ya miaka saba zilikuwa mia mbili na kumi na nne, na sebule haikuwa sebule tena. Cherehani ilihamia jikoni, magauni ya wateja yakaanza kunuka vitunguu, na wateja nao ni watu, wakahama. Fundi alipita sebuleni kwake ubavu ubavu, mgongo ukisugua ukuta, asije akakanyaga haki ya mtoto. Ndivyo alivyoiita. Binti alipokuja nyumbani, siku chache kila mwaka, alimsihi afute yote arudishe cherehani mahali pake, maana maji yakimwagika hayazoleki. Fundi alimjibu kwamba haya hayajamwagika, yako hapa sakafuni na yeye anayaona.

Mwaka wa tatu Fundi aliandikia chama cha mchezo barua. Aliambatanisha ramani ya sebule iliyochorwa kwa rula, picha kumi na mbili, na saini ya mdogo wake kama shahidi. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, kwenye karatasi nzuri. Chama kilimshukuru kwa mapenzi yake kwa mchezo, hakikuitilia shaka hata alama moja, na kilimkumbusha kwamba alama inayozingatiwa ni ile iliyopo kwenye uwanja ambamo pointi ilichezwa. Mdogo wake, ambaye ni muuguzi na si mtu wa maneno mengi, aliisoma akasema huku ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Fundi aliikunja ile barua mara nne akaiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa unayumba.

Wakati huo Mia Sita alikuwa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kufua soksi kwenye masinki ya hosteli, kufunga nyuzi za raketi kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu hana wa kumfungia, kujibandika plasta vidoleni, na kuamka kabla ya watu ili apate uwanja wa mazoezi ambao wenye majina hawautaki. Wiki hii mji huu, wiki ijayo mji mwingine. Alijua ni kituo gani cha basi kina bafu na ni kipi mlinzi wake haamshi watu. Magoti yake yalikuwa yanalia akipanda ngazi, na kila mwaka wasichana waliosimama upande wa pili wa wavu walizidi kuwa wadogo.

Na habari huenea haraka katika vyumba vya kubadilishia nguo kuliko mafua. Kila mpinzani alijua kwamba mipira ya Mia Sita haina ushahidi. Si kwamba walikuwa wezi. Wengi walikuwa wanawake waaminifu kabisa ambao, mpira ukiugusa mstari kidogo tu na kukawa hakuna wa kuwasuta, macho yao yaliona kile moyo ulichotaka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuita nje mpira uliokuwa ndani. Miaka kumi na mitatu katika kazi hii, na kila alipokuwa na shaka alimpa mwenzake. Hakuwa malaika, alijua kutukana vizuri tu akiwa peke yake. Lakini alikuwa na mtu amesimama mlangoni na chaki, na mtu huyo asingeiona mipira iliyoangukia upande wake, ila angemuuliza.

Fundi alikuwa na jambo moja alilolitaka duniani, nalo ni kumwona binti yake akicheza, kwa macho, si kwa sakafu. Tangu mashindano ya shule hakuwahi kumwona. Sharti lake alilijua: mgeni wa mchezaji huingia kwa kibali cha kuvaa shingoni, na kibali hupewa wale tu waliovuka mchujo wakaingia jedwali kuu, mechi za wanaojulikana. Binti yake alimweleza hivyo mwaka wa kwanza wa kazi, na Fundi hakuwa mtu wa kuombaomba milango ya nyuma. Kila safari alimwambia neno moja: "Ukiingia, nitakuja." Mia Sita alikuwa ameingia jedwali kuu mara nne maishani mwake, zote katika nchi za ng'ambo ambako mama asingeweza kufika.

Mwaka huo wa saba miguu ya Fundi ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka, akamkataza mambo matatu: chumvi, ngazi na kuinama. Chumvi aliiacha. Ngazi nyumbani hazikuwepo. Kuhusu kuinama alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na alama haziangukii ukutani. Alimwapisha mdogo wake asimwambie mtoto, kwa sababu mtoto ana mechi. Mtoto alikuwa na mechi miaka yote.

Ndipo mashindano makubwa yakaletwa mji wa pili, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Hayajawahi kuwa karibu vile. Mchujo ulikuwa wa mechi tatu, na atakayeshinda zote tatu anaingia jedwali kuu. Mia Sita alifikia hosteli ya wachezaji, kwa kuwa mechi zilianza mapema, na kila jioni walipitia alama kwa simu. Mechi ya kwanza alishinda. Ya pili alishinda, ingawa mipira mitano iliibiwa. Fundi alizungumza akihema kidogo, akasema ni vumbi la chaki. Mia Sita akamwamini, kwa sababu mtu anayetaka sana kushinda husikia anachotaka.

"Bado moja," alisema Fundi. "Kesho uingie, nije."

Mechi ya tatu ilimpanga tena na Mashoto, yule wa uwanja namba kumi na moja. Walianza saa tatu. Seti ya kwanza akachukua Mashoto, ya pili akachukua Mia Sita, na ya tatu wakaenda gemu kwa gemu hadi ikafika tano kwa nne, Mia Sita mbele, akihitaji pointi moja tu. Jua lilikuwa kali na wote wawili wamegeuka wekundu kwa vumbi hadi magotini. Walipigiana mipira ishirini na sita katika pointi ile. Wa ishirini na saba Mia Sita aliupiga mrefu, wa chini, ukaenda ukagusa mstari wa nyuma kwenye kona kabisa. Alishajua. Alishaanza kutembea kuelekea kwenye wavu kutoa mkono.

"Nje," alisema Mashoto.

Mwamuzi akaitwa kutoka uwanja namba nne. Aliinama kwa muda mrefu, akapiga hata goti moja chini, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Kisha akainuka akipangusa suruali.

"Hakuna kitu hapa, dada."

Mashoto alisogea hadi kwenye wavu. "Mimi nimeona nje, dada," alisema. "Kweli tena." Huenda ni kweli aliona hivyo. Naye alikuwa na miaka tisa kwenye mchujo.

Waliendelea. Baada ya nusu saa Mia Sita alikuwa ameshindwa, saba kwa tano, na wamepeana mikono.

Kuna utaratibu mmoja katika kazi hii ambao watu wa nje hawaujui. Walioshindwa kwenye mechi ya mwisho ya mchujo huandikishwa katika orodha iitwayo ya walioshindwa wenye bahati. Jina ni lao wenyewe, si dhihaka yangu. Mmoja wa wakubwa akiumwa au akiumia, aliye juu kwenye orodha anachukua nafasi yake katika jedwali kuu. Sharti awepo palepale jina lake likiitwa. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo kanuni, ila wao wameiandika kwa maneno marefu zaidi. Mia Sita alitia saini, akaweka simu kwenye kabati kama wanavyotakiwa, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi pamoja na wenzake watatu. Kila mmoja aliombea mtu fulani avunjike kifundo cha mguu, kidogo tu, asiumie sana.

Saa tisa na nusu mama yake mdogo alitokea kwenye kona ya jengo. Alikuwa na sare yake ya uuguzi na viatu vyake vyeupe vimejaa vumbi jekundu.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema. "Fundi kaanguka."

Alieleza wakiwa wanatembea. Alirudi kutoka zamu saa saba, akamkuta Fundi amelala sebuleni kando ya ukuta na chaki mkononi. Kinyozi alimsaidia kumbeba hadi kitandani. Daktari alikuja, akasikiliza kifua, akakunja vifaa vyake bila kuandika dawa. Simu ya Mia Sita ilikuwa inaita tu. Msimamizi alimkumbusha Mia Sita kwamba akivuka kamba ya eneo la wachezaji jina lake linafutwa. Alisema hivyo kwa upole, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mia Sita akavuka.

Ndani ya basi mama mdogo aliuliza jambo lililokuwa linamsumbua: alikuwa ameingia mle uwanjani moja kwa moja bila kuulizwa na mtu, na hakutaka kumletea mtoto matatizo. Tiketi zinakatwa wapi?

"Mchujo hauna tiketi, mama mdogo. Geti liko wazi. Anaingia yeyote."

"Hapa tu?"

"Kila mahali. Na siku zote."

Mama mdogo alimgeukia. "Fundi anajua ni mpaka kibali," alisema. "Juzi na jana yote alikuwa anaweza kupanda basi. Kakaa anangoja kibali."

Mia Sita alikumbuka vizuri. Mwaka wa kwanza wa kazi alicheza mechi mbele ya watu wawili, mmoja wao fundi bomba aliyekuwa anawasubiri wenzake. Mama alipouliza kwa simu kama anaweza kuja siku moja kumwona, aibu ilimshika. Alitaka mama amwone siku ambayo viti vina watu. Basi akamweleza habari ya kibali, ambayo kwa jedwali kuu ilikuwa kweli, na kuhusu mchujo akanyamaza. Mwaka ukapita, ikapita mingine, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi kulitaja. Aliinamia begi lake akalia mpaka kituo cha nne.

Nyumbani walipita sebuleni kando ya ukuta, mmoja nyuma ya mwingine. Mle kwenye kona, juu ya mstari wa nyuma, kulikuwa na alama nyekundu ambayo duara lake la chaki halikufika mwisho. Kuanzia hapo alama nyingine za nusu saa ya mwisho zilikuwa zimetawanyika ovyo bila kuzungushiwa, nyingi zikiwa nje kweli.

Fundi alikuwa macho. Kinyozi, aliyekuwa amekaa naye, aliinuka akampisha Mia Sita kigoda.

"Wa mwisho niliouona ulikuwa kwenye kona," alisema Fundi. Sauti ilikuwa ndogo lakini maneno yalikuwa kamili. "Kidogo tu, lakini ndani."

"Ulikuwa ndani, mama."

"Yule msichana alisemaje?"

Mia Sita alimtazama mama yake. Katika miaka kumi na mitatu hakuwahi kutoa uamuzi akiwa hana haraka kiasi kile.

"Alisema ndani."

"Mwamuzi?"

"Hata hakuitwa."

Fundi alifumba macho akayafumbua. "Kwa hiyo umeingia."

"Nimeingia, mama."

"Na kibali?"

"Kipo kwenye begi. Kina jina lako."

Mama mdogo aligeukia ukuta. Kinyozi alitoka nje akaenda kusimama barabarani. Fundi aliuliza kesho ni saa ngapi, akaambiwa saa nne. Akasema basi aamshwe saa kumi na moja, hapendi kufika mahali watu wameshakaa. Halafu akasema ana usingizi. Alikufa saa kumi na mbili kasoro dakika chache, jua likiwa bado liko kwenye pazia, ameushika mkono wa binti yake, ule wa kupigia.

Mia Sita alibaki amekaa. Alikuwa amemdanganya mama yake mara mbili, mara moja kwa kunyamaza na mara moja kwa kusema, na ile ya pili asingeirudisha hata angepewa dunia. Ile ya kwanza ndiyo aliyotaka kuirudisha. Hakujua atamwomba nani msamaha.

Kesho yake watu walikuja. Fundi alikuwa ameshonea mtaa mzima kabla nguo hazijaanza kunuka vitunguu, na kifo kiliwarudisha wateja wote. Kinyozi alisimama mlangoni akawaelekeza wapite kando ya ukuta, na wa kwanza wawili watatu walipita hivyo, lakini msiba si foleni ya benki. Walikuja wanalia, wakaingia, wakakaa chini, wakakumbatiana, wakasogezana kuwapisha wengine. Hakuna aliyekosea. Kufikia saa nane mchana alama zote mia mbili na kumi na tano zilikuwa zimeondoka kwenye nyayo na kwenye pindo za magauni, pamoja na mistari, na njia ya kuelekea barabarani ilikuwa na wekundu kidogo.

Kwenye mashindano hakuna aliyeitwa kutoka kwenye lile benchi. Mwaka ule hakuna mkubwa aliyeumwa wala kuumia. Mashoto alitolewa katika mechi yake ya kwanza ya jedwali kuu, kwa dakika hamsini, mbele ya viti vilivyojaa.

Baada ya wiki tatu Mia Sita alirudi kazini, kwa sababu hana kazi nyingine anayoijua. Alikuwa ameshuka hadi mia sita na sitini na moja. Mji ulikuwa mwingine, mpinzani mwingine, msichana wa miaka kumi na saba mwenye vyuma vya meno. Katika gemu ya mwisho, mpira wake uliangukia kwenye mstari wa nyuma na msichana akasema nje. Mwamuzi akaitwa, akainama, hakukuwa na kitu, akaandika fomu.

Jioni alimpigia simu mama yake mdogo, ambaye sasa aliishi peke yake mle ndani. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Akasema leo zimeanguka nyingi, amezikuta, na moja imefika hadi koridoni.

"Kuna moja ya mwisho, mama mdogo. Iko upande wa dirisha, karibu na kona. Umeiona?"

Mia Sita alisikia ndala zikivuka sebule, moja kwa moja, katikati.

"Naiona."

"Ilikuwa ndani?"

Mama mdogo aliinama akaitazama. Alikuwa mtu mkweli, na alikuwa amechoka.

"Mwanangu, mistari ilifutika siku ile. Mimi hata sijui ndani inaishia wapi."

Mia Sita alimshukuru, akamwambia apige deki tu, arudishe na viti.